Shikamoo Husemwa kwa Mdomo: Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mtoto Kujilinda

Mgeni alifika Ijumaa jioni, mtu mzima wa upande wa mume wangu, ametoka safari. Binti yangu, wakati huo ana miaka mitano, akamwamkia vizuri kabisa: "Shikamoo babu." Akaitikiwa. Kisha babu akanyoosha mikono: "Njoo ukae hapa mapajani kwangu." Mtoto hakwenda. Akageuka kunitazama. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai, nikaona haya mbele ya mgeni, nikamwambia, "Nenda bwana, mbona unaniaibisha?" Akaenda, amekakamaa kama kijiti cha mshikaki.

Mzee yule hakuwa na nia mbaya na hakuna kilichotokea. Lakini jicho lile la mwanangu sijalisahau. Aliniomba ruhusa ya kukataa, nikamnyima.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, na kwa miaka kadhaa nimeshika kazi ya malezi na unasihi shuleni. Watoto walionijia na mambo mazito walijua vizuri kwamba wanachofanyiwa ni kibaya. Walichokosa ni ruhusa ya kumkatalia mtu mzima. Tunawafundisha utii tangu hawajaota meno, na tunaufundisha vizuri. Kwa hiyo somo la kujilinda, kwetu sisi, linaanza kwa kuuwekea utii mipaka, na mtu wa kuiweka ni mzazi.

Kama unadhani hili ni la watu wengine, kumbuka utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walieleza kufanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Hesabu watoto wanaocheza uani kwako jioni, utaelewa.

Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mfuatano ninaoutumia na wazazi kwenye vikao vya shule. Usizifanye zote kwa wiki moja. Nyingine ni za siku moja, nyingine ni za miaka.

Hatua ya 1: Anza na uso wako

Kabla hujamfundisha mtoto kusema, jifunze kusikia. Mtoto haleti jambo zito lote kwa mara moja. Anarusha kijiwe kwanza aone maji yatafanyaje: "Mama, leo sitaki kwenda tuisheni." "Anko simpendi." Ukidakia "Mvivu wewe, unatafuta visingizio," kijiwe cha pili hutakiona.

Fanya zoezi hili na mume wako, mke wako au dada yako, watoto wakiwa wamelala. Mmoja awe mtoto, aseme, "Anko ananishikashika huku." Mwingine ajibu papo hapo. Nimelifanya zoezi hili na wazazi wengi, na karibu kila mara jibu la kwanza ni "Kwa nini hukuniambia?" Tazama sentensi hiyo vizuri. Mtoto ndiyo kwanza anakwambia, nawe unamshitaki kwa kuchelewa. Rudieni mpaka mdomo uzoee maneno mengine: "Asante kwa kuniambia. Hujakosea. Nipo hapa."

Kisha weka ahadi moja nyumbani, uitamke mbele ya watoto wote: "Ukiniambia jambo kuhusu mwili wako, hutachapwa wala kugombezwa, hata kama ulikuwa umekwenda mahali nilipokukataza." Sehemu ya mwisho ndiyo yenye kazi. Wanaodhuru watoto wanajua sana kutumia kosa dogo la mtoto. Alikwenda kwao kuangalia katuni bila ruhusa, au alipokea soda akaambiwa asiseme. Sasa anaogopa fimbo ya nyumbani kuliko anavyomwogopa yule mtu. Ahadi hii inakata kamba hiyo. Ukiitoa, itimize, hata siku utakapokuwa umekasirika.

Hatua ya 2: Viungo vyote vina majina

Mtoto wa chekechea alimwambia mwalimu wake kwamba kaka fulani "ameniumiza kidudu". Mwalimu akamvua viatu, akakung'uta soksi, akitafuta siafu. Siwalaumu wala mwalimu wala mtoto. Neno alilopewa nyumbani lilikuwa na maana mbili, na siku alipolihitaji halikumsaidia.

Tangu mtoto ana miaka miwili au mitatu, mpe majina yanayoeleweka na daktari, mwalimu na polisi: uume, korodani, uke, matiti, matako. Si matusi hayo. Matusi ni yale mengine, na tunayajua. Ukitamka "uke" kwa sauti ile ile unayotamkia "goti", mtoto atalichukua hivyo hivyo.

Mahali pazuri pa kufundishia ni bafuni. Mpe mtoto sabuni, wewe ushike kopo la maji:

"Mkono uko wapi? Osha. Tumbo? Osha. Goti? Haya, sasa osha uume wako, huo unaosha mwenyewe. Mimi namwaga maji tu."

Dakika mbili, kila siku. Akifika miaka minne au mitano atakuwa anajiosha mwenyewe, na bila hotuba yoyote atakuwa ameelewa kwamba sehemu ile ina mwenyewe. Ndipo uongeze kanuni: sehemu zinazofunikwa na chupi haguswi na mtu, haoneshwi za mtu, hapigwi picha. Mzazi anaweza kumsaidia akiwa mdogo au mgonjwa. Daktari anaweza kumpima, mzazi akiwa pembeni.

Wapo watakaosema mambo haya si ya kwetu. Hapana. Pwani yote tulikuwa na somo na kungwi, watu waliopewa jukumu hasa la kumweleza msichana habari za mwili wake. Wavulana walikuwa na jando. Jamii zetu zilijua kwamba lazima awepo mtu wa kusema. Somo alikuja msichana akishavunja ungo kwa sababu ndio wakati uliopangwa. Hatari za leo hazisubiri ungo, basi na mafunzo nayo yatangulie.

Hatua ya 3: Tenganisha heshima na mwili

Hapa ndipo wazazi wengi hukwama. Wanaogopa kulea mtoto asiye na adabu. Mwambie mtoto hivi: "Shikamoo husemwa kwa mdomo. Ukishaamkia, umeshaheshimu. Kukaa mapajani, kukumbatiwa, kubusiwa, hayo ni mpaka wewe mwenyewe utake."

Kisha msaidie mbele za watu, maana hawezi kusimama peke yake. Mgeni akimvuta, wewe ndiye useme, kwa tabasamu: "Huyu siku hizi anaamkia tu, tunamfundisha." Mgeni mwenye heri atacheka na kuendelea na chai yake. Akikasirika sana, mwangalie mara mbili.

Kuna na utani wetu. Babu humwita mjukuu "mke wangu", bibi humwita wa kiume "mume wangu", na kuna makabila yanayotaniana mpaka msibani. Sipendi tuupoteze utani huu, ni utamu wa kuishi pamoja. Mweleze mtoto mpaka wake: utani ni wa maneno na unachekwa hadharani. Mkono ukiingia ndani ya nguo, au utani ukihitaji mlango kufungwa, huo si utani tena hata kama aliyefanya ni babu wa kuzaa.

Zoezi dogo la kila siku ni kutekenya. Watoto hucheka huku wanakosa pumzi, na watu wazima huendelea kwa sababu wanamwona anacheka. Wekeni neno "basi". Akisema "basi" mara ya kwanza, toa mikono, hata kama bado anacheka. Akitaka tena ataomba. Mwanangu wa pili alilijaribu neno hilo mara kumi na tano jioni moja, kuona kama kweli linafanya kazi. Kila mara nilitoa mikono. Mtoto aliyezoea kwamba "basi" yake inasikika nyumbani atashtuka mapema siku itakapopuuzwa kwingine.

Hatua ya 4: Siri na mazoea

Kikulacho ki nguoni mwako. Tumewatisha sana watoto kwa habari za mtu mgeni mwenye pipi na gari jeusi, na mgeni huyo yupo. Lakini anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu anayemjua: jirani, mpangaji, binamu mkubwa, mwalimu, dereva wake. Naye haanzi kwa nguvu, anaanza kwa mazoea. Yajue mazoea hayo yanavyokwenda, kwa sababu mtu mzima ndiye anayeweza kuyaona mapema.

Kwanza anakuwa msaada kwenu. Anabeba mtungi wa gesi, anamfuata mtoto shule ukichelewa, anakopesha bila kudai. Kisha mtoto mmoja anakuwa wake: anasifiwa kuliko wenzake, anapewa mia tano, anaachiwa simu acheze gemu. Halafu wanavunja kanuni ndogo pamoja, kama kula barafu kabla ya chakula au kuangalia filamu iliyokatazwa, na mtoto anaambiwa, "Usimwambie mama, atatugombeza." Hiyo ni siri ya kwanza, ya kujaribia. Ikihifadhiwa, inafuata ya pili. Kugusa huja baadaye, kwanza kama bahati mbaya, kama mchezo. Mtoto anapogundua alipofikia, anaona na yeye amehusika tangu lile barafu.

Kwa hiyo kanuni ya nyumbani iwe kubwa na nyepesi: hatuna siri na watu wazima. Jambo la kumshtukiza mtu lipo, kama keki ya baba, na hilo lina siku ya kufichuka na kila mtu atafurahi. Neno lolote linaloambatana na "usimwambie mama" linaletwa kwa mama siku hiyo hiyo, hata kama ni la barafu. Isome kanuni hii kwa sauti mbele ya wageni, wapangaji na ndugu. "Mtoto wetu hana siri na mtu, kila kitu anatueleza." Mwenye nia njema hatadhurika kuisikia.

Na zawadi: kila kitu kinachoingia nyumbani mkononi mwa mtoto, kiulizwe kimetoka wapi. Uliza kama unavyouliza habari za shule, bila ukali.

Hatua ya 5: Vidole vitano

Weka kiganja cha mtoto juu ya karatasi, uchore kukizunguka kwa kalamu. Kila kidole ni mtu mmoja wa kumwambia akipatwa na jambo. Mtoto ndiye achague; usimjazie. Angalau wawili wawe hawaishi nyumba hiyo, na mmoja awe shuleni. Kisha wewe nenda kwa kila mmoja umwambie kwamba amechaguliwa na kwamba akiambiwa jambo asikae nalo.

Mwambie mtoto: "Wa kwanza asipokusikia, hamia kidole cha pili. Endelea mpaka mtu atakapoinuka kwenye kiti." Tumebandika viganja hivyo ukutani darasani kwetu. Mtoto mmoja wa darasa la tatu aliacha vidole viwili vitupu, nikajua nina kazi ya kufanya na familia ile.

Hatua ya 6: Igizeni

Maneno yanayosikika mara moja yanasahaulika. Tumia muda wa kuchambua mchele au kumenya njugu, mkiwa mmeketi na mikono ina kazi, uulize maswali ya "ingekuwaje":

"Ingekuwaje kama mwenye duka angekwambia uingie ndani umsaidie kuhesabu soda?"

"Ingekuwaje kama kaka mkubwa angetaka aende na wewe msalani?"

"Ingekuwaje kama mimi nimechelewa kukufuata na mama wa rafiki yako anasema nimemtuma?"

Mwache ajibu. Usimsahihishe haraka, muulize, "Halafu?" Mfundishe mambo matatu: kukataa kwa sauti ("Sitaki!" au "Niache!"), kuondoka kwenda penye watu, na kusema kwa mtu wa kidole. Kisha simameni, aifanye kwa mwili. Mtoto aliyefunzwa kutopaza sauti mbele ya wakubwa, sauti haitoki mara ya kwanza. Inatoka kama ya paka mdogo. Mpeleke uani, apige kelele mpaka kuku wakimbie.

Neno moja kwa mzazi: watoto wengi, na hata watu wazima, wakiingia kwenye hofu kubwa huganda. Hawapigi kelele wala hawakimbii. Mwili ndivyo unavyofanya. Kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba lazima apige kelele, na ikitokea asipige, usimuulize kwa nini. Mwambie, "Hata ukishindwa kusema siku hiyo, unaweza kuniambia kesho, au mwakani."

Hatua ya 7: Yaliyo juu yako, si juu ya mtoto

Mtoto hawezi kujilinda dhidi ya mpangilio mbaya wa nyumba. La kwanza ni malazi. Mgeni akija, desturi yetu ni kumlaza na watoto, "atalala na kina Juma." Nyumba ni ndogo, najua. Basi mgeni alale sebuleni, na watoto, hata wakibanana kwenye mkeka, walale kwenu. Ikiwa ni msiba au harusi na nyumba imejaa, watoto walale pamoja karibu na mtu mzima uliyemchagua wewe kwa jina.

La pili ni masomo ya faragha. Tuisheni, madrasa, kwaya, michezo: pasiwepo mtoto mmoja na mtu mzima mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Pita siku usiyotarajiwa. Mwalimu mwema anakufungulia mlango na kukupa kiti. Mtoto akiombwa kubaki peke yake, kufagia chumba cha mwalimu au kumfulia nguo, hilo ulishughulikie wewe shuleni, usimwachie mtoto akatae peke yake.

Kumbuka na wavulana. Tunawachunga wasichana na kumwacha mvulana azurure mpaka saa tatu usiku, "yeye mwanaume". Mvulana anayelawitiwa hubeba na aibu ya pili, ya kudhani uanaume wake umekwisha. Mpe maneno yale yale uliyompa dada yake.

Mtoto mwenye ulemavu anayehitaji kusaidiwa kuoga au kwenda msalani huguswa na watu wengi, na ni vigumu kwake kutenganisha msaada na uovu. Wasaidizi wake wawe wachache na wajulikane, na kila mmoja aseme anachofanya kabla ya kukifanya: "Sasa nakufuta." Asiyesikia apewe alama za mikono za viungo vyote na alama ya "sitaki". Na dada wa kazi anayelala jikoni kwako, ikiwa ana umri wa chini ya miaka 18, naye ni mtoto. Mafunzo haya ni yake pia.

Hatua ya 8: Njiani na penye watu wengi

Mtoto wa miaka mitano aweze kutaja jina lake lote, la mzazi, mtaa, na namba ya simu moja. Namba iimbeni kama wimbo mkiwa mnatembea. Kichwani haikai kwa kukaririshwa.

Wekeni neno la familia, ambalo mtu yeyote anayetumwa kumchukua mtoto lazima alijue. Liwe la ajabu kidogo, kama "pweza wa bibi". Asiyelijua, mtoto harudi naye, hata kama ni bodaboda anayemfahamu, hata kama anasema mama yuko hospitali. Likishatumika kwa mtu wa nje, libadilisheni. Jina la mtoto liandikwe ndani ya begi, si nje, maana anayeitwa kwa jina huamini kwamba anajulikana.

Akipotea sokoni au kwenye viwanja vya sikukuu, asimame pale pale alipo. Pasipokuwa salama, aende kwa mama anayeuza au mama mwenye watoto, au kwa askari mwenye sare, aseme jina lake na namba. Bodaboda wa kila siku awe mmoja, unayejua anapoegesha, jina lake na anakoishi.

Hatua ya 9: Simu

Mtoto chini ya miaka 13 hatakiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mingi mikubwa kwa kanuni za mitandao yenyewe, lakini anatumia simu yako. Kwa hiyo simu itumike sebuleni, isiingie chumbani usiku. Kwenye gemu na makundi ya WhatsApp, mfundishe mambo ambayo mtu mgeni huyaomba kwa mpangilio: jina la shule, picha ya kawaida, kisha kuhamia mazungumzo ya faragha, kisha picha ya mwili. Anayesema ana miaka 14 anaweza kuwa na 40.

Ikitokea picha imeshatumwa na mtu anatishia kuisambaza, msimlipe na msitume nyingine. Tishio halikomi kwa kulipwa. Hifadhi mazungumzo, jina la akaunti na namba, kisha mfungie, mripoti polisi. Usiisambaze picha kwa ndugu kama ushahidi. Kusambaza picha za utupu za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata ukiwa na hasira ya haki.

Hatua ya 10: Vijana wa miaka 13 na kuendelea

Kijana hataki kuimbiwa. Zungumza naye mkiwa safarini au mnapika, na umpe habari kama mtu anayeweza kuzitumia. Mweleze waziwazi jinsi lifti, chipsi na vocha zinavyogeuka kuwa deni. "Mtu akikupa kitu, hujamkopa mwili. Hata kama ulikula." Wasichana wengi huingia kwenye shida kwa kuona haya kumkatalia mtu waliyekwisha kula chake.

Mweleze na sheria. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi Tanzania anaweza kufungwa miaka 30. Kijana wa kiume naye alijue hili, na ajue pia kwamba msichana aliyenyamaza hajakubali, na aliyekubali jana anaweza kukataa leo.

Anayekwenda bweni aondoke na namba tatu kichwani na siku maalumu ya kupiga simu. Kubalianeni neno la kawaida ambalo akilisema simuni mbele ya watu, wewe unajua kuna tatizo. "Niletee ile sweta ya kijani." Ukisikia sweta ya kijani, panda basi.

Hatua ya 11: Mtoto akisema

Kaa chini, uso uwe sawa na wake. Mwamini. Mwambie hana kosa. Usiahidi kumtunzia siri, mwambie, "Nitawaambia watu watakaotusaidia tu." Uliza machache: nani, nini, lini mara ya mwisho. Usimhoji mpaka usiku, usimrudishe kusimulia kwa kila shangazi. Maswali marefu yaachie wataalamu. Usimkabili mtuhumiwa, ukimkimbilia na panga, atatoroka au wewe utafungwa.

Kama tendo limetokea siku hizi chache, saa zinahesabika. Asioge, asibadilishwe nguo ikiwezekana. Akiwa amebadilisha, nguo zile ziwekwe bila kufuliwa kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwenye kanga safi, si rambo, kwa sababu plastiki huozesha ushahidi. Hospitali ndani ya saa 72, na mapema kuliko hapo ni bora: dawa kinga ya VVU huanza ndani ya muda huo na humezwa kwa siku 28. Kwa msichana aliyevunja ungo, dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5. Hata muda ukiwa umepita, nenda. Kuna vipimo, matibabu na unasihi.

Polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo ndipo utapewa PF3, fomu ambayo daktari ataijaza. Akiwa anatoka damu au ana hali mbaya, hospitali itangulie. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, na mtoto hasimulii mara nne. Usipojua pa kuanzia, piga 116, simu ya mtoto, bure. Kenya na Uganda namba ni hiyo hiyo. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Jirani pia: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa au kijiji.

Kisha watakuja wazee. Watakuja jioni, wamevaa vizuri, na sentensi yao moja: "Haya mambo tuyamalize kifamilia." Watataja jina la ukoo, watataja mbuzi au pesa, watakuuliza kama unataka kumfunga ndugu yako. Nimeona mama mmoja akilemewa na kikao cha namna hiyo. Kesi ikafa, na mtoto akaendelea kumwamkia mtu yule kila Idi. Jiandae kwa kikao hicho kabla hakijaitishwa. Usikae peke yako. Mwite afisa ustawi, au ndugu mmoja aliye upande wa mtoto, na jibu lako liwe fupi: "Jambo liko polisi, wazee wangu." Hakuna aliye na mamlaka ya kuuza maumivu ya mtoto, hata baba yake.

Kesi inaweza kuchukua miezi. Katika muda huo mwambie mwalimu wa darasa yale tu anayohitaji kujua. Mtoto anaweza kuanza tena kukojoa kitandani, kushtuka usiku au kukasirika ovyo. Usimwadhibu kwa hayo, mpeleke kwenye unasihi na usikose tarehe. Mrudishe kwenye mpira wake, kwa rafiki zake, kwenye kazi zake ndogo za nyumbani, asijione amekuwa mgonjwa. Usimuulize kila siku. Akitaka kusema, mtakuwa mnachambua mchele. Na usiku mwachie taa ya korido ikiwaka, mpaka siku mwenyewe atakapokwambia uizime.